Aliyebaki Gatini

Desemba mwaka juzi nilifika gatini mapema nikiwa na begi la nguo, kilo tano za sukari, miche miwili ya sabuni na mbwa. Nilikuwa naenda Ukerewe kwa bibi kula sikukuu. Mbwa anaitwa Popi, kama wanavyoitwa nusu ya mbwa wa mtaani kwetu Mabatini. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika. Baba ndiye aliyemfuga. Baba alipofariki, Popi alilala mlangoni pa chumba chake siku nyingi kuliko waombolezaji walivyokaa matangani, na tangu hapo amekuwa wangu. Sikukuu ile nyumba nzima ilikuwa inafungwa, na sikuwa na wa kumwachia.

Kijana aliyekuwa akikagua tiketi alimtazama Popi, kisha akanitazama mimi.

"Dada, huyo hapandi."

"Nitamlipia nauli."

"Siyo suala la nauli. Una kibali cha mifugo? Una cheti cha chanjo?"

Sikuwa navyo. Nikamwonyesha matenga ya kuku yaliyokuwa yakipakiwa mbele ya macho yetu, na mbuzi wawili waliofungwa kamba. Nao je?

"Kuku hang'ati," akasema, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Mzee mmoja aliyevaa kanzu alisogea hatua mbili, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sina ugomvi naye. Ila nina udhu." Nikamwelewa. Waislamu wengi wa kwetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kwenye meli iliyojaa watu na mizigo, hilo si jambo dogo. Meli ikaondoka. Mimi na Popi tukarudi nyumbani kwa miguu, sukari begani.

Nasoma umahiri wa historia, na ubaya wa kusoma historia ni kwamba mtu akiudhiwa hakimbilii polisi, anakimbilia maktaba. Nilitaka kuthibitisha kwamba nimeonewa. Nilijiuliza swali moja: katika ziwa hili, ni nani amewahi kusafiri na mnyama wake kwenda kupumzika, na nani alimruhusu?

Watu wa mwanzo niliowakuta walikuwa wakubwa, na hawakuhitaji ruhusa ya mtu. John Hanning Speke, Mwingereza aliyeliona ziwa kutoka upande huu wetu wa Mwanza mwezi Agosti 1858, alirudi safari ya pili na mwaka 1862 akafika kwa Kabaka Mutesa, ufukoni upande wa kaskazini. Aliyoyaandika kuhusu ikulu ile yamejaa mbwa. Mutesa alikuwa na mbwa mweupe aliyeonekana naye hadharani. Mbwa, mkuki, ngao na mwanamke vilikuwa alama za ufalme, kwa sababu simulizi alizozikusanya Speke zilisema mwanzilishi wa ufalme ule alitoka Bunyoro akiwa mwindaji, akafika na vitu hivyo vinne. Kwa hiyo mfalme wa Buganda hakumfuga mbwa kwa ajili ya kulinda mlango tu. Alipotembea naye alikuwa anawakumbusha watu babu yake alifikaje.

Mwezi Aprili mwaka ule Mutesa alimchukua Speke kwenda matembezini ziwani. Walikwenda kwa mitumbwi, na ngoma, na pombe, na wake wa mfalme, hadi kwenye kisiwa kidogo chenye msitu. Nilipoisoma habari hii nilitabasamu, maana inafanana sana na picha ambazo rafiki zangu huposti mwisho wa mwaka. Kisha mmoja wa wake akaona tunda zuri, akalichuma, akampa mumewe. Mfalme akawaka hasira kwamba mwanamke amethubutu kumpa yeye kitu, akaamuru auawe. Speke aliingilia kati akamwombea, na yule mwanamke akapona. Tabasamu langu liliisha hapo. Matembezi ya kisiwani yalikuwa ya kwake yeye mwenye mbwa. Wengine walikuwa sehemu ya vifaa vya safari.

Miaka 13 baadaye akafika Henry Morton Stanley. Aliondoka Uingereza mwaka 1874 akiwa na mbwa 5. Mmoja alikuwa zawadi ya tajiri mkubwa wa London, Baroness Burdett-Coutts, na wengine aliwanunua kwenye kituo cha mbwa waliopotea kule Battersea. Ukilifikiria hilo unashangaa kidogo: mbwa koko wa London, asiye na mwenyewe, anapata safari ya Afrika ya Kati. Stanley alitoka Bagamoyo na watu 356, wengi wao wapagazi waliobeba hata mashua yake, Lady Alice, ikiwa vipande vipande. Februari 1875 walifika Kageyi, kijiji cha ufukoni si mbali na Mwanza ya leo, mashua ikaungwa, na Machi akaanza kulizunguka ziwa. Mbwa walikufa mmoja mmoja. Wa mwisho, Bull, alikufa njiani mwaka 1876 baada ya msafara kuliacha ziwa, na Stanley akamwandikia maneno ya maombolezo.

Kati ya mashua kuingia majini na kifo cha Bull kuna Agosti 1875 na kisiwa cha Bumbire. Stanley alikuwa amefika hapo miezi michache kabla, wenyeji wakamkatalia na kumpokonya makasia. Akarudi na mitumbwi na bunduki, akawapiga risasi watu waliokuwa wamejipanga ufukoni, akaua makumi. Jina la mbwa wake tunalo hadi leo. Majina ya wale waliokufa Bumbire hakuyaandika.

Nilikuwa bado na hasira na kijana wa tiketi, lakini nilianza kuona kwamba swali langu lilikuwa na upande wa pili ambao sikuupenda. Aliyefika kisiwani na kipenzi chake, mara nyingi, ndiye aliyefika bila kuuliza.

Basi nikasogea mbele, hadi wakati wetu wenyewe. Hapo nilidhani nitapata ushahidi ninaoutaka.

Ukisimama Capri Point hapa Mwanza unaiona Saanane, kisiwa cha mawe na miti umbali mfupi tu kutoka mjini. Wengi wetu tulipelekwa huko tukiwa shule ya msingi. Jina ni la mtu, Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua na kulima pale. Mwaka 1964 serikali ilikichukua kisiwa chake kikawa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na wanyama wakavushwa kwa maji kwenda kuishi alipokuwa akiishi yeye. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yanayokizunguka. Leo ukitaka kupumzika siku moja unapanda boti, dakika chache umefika, unatazama swala pala na pimbi, unakula nyama choma ukitazamana na jiji. Mbwa haingii.

Rubondo, magharibi zaidi, ni habari kubwa kuliko hiyo. Kisiwa kilitangazwa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa. Kisha wakaletwa wakazi wapya. Kati ya 1966 na 1969 shirika la uhifadhi la Frankfurt, lililoongozwa na Bernhard Grzimek, yule ambaye filamu yake kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar, lilishusha humo sokwe 17. Wengi walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, wakakamatwa wakiwa wadogo, wakaishi kwenye vizimba vya Ulaya. Walivushwa bahari, wakapita nchi kavu, wakavushwa ziwa, wakafunguliwa msituni bila kufundishwa lolote. Wakaishi, wakazaana. Waliletwa pia tembo, twiga, faru weusi na mbega. Twiga alipanda chombo cha majini katika ziwa hili! Nilisoma sentensi hiyo mara mbili, nikamtazama Popi aliyekuwa amelala chini ya meza, nikajisikia mshindi.

Hoja yangu ilikuwa imekamilika, au nilidhani hivyo. Dola iliamua watu watoke, ikaamua tembo waingie, na mnyama pekee ambaye ameishi na binadamu muda mrefu kuliko mwingine yeyote ndiye anayebaki gatini. Nilikuwa tayari kuandika makala kali.

Nikampigia bibi simu kumwambia ugunduzi wangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado unamlilia mbwa wa baba yako?"

Nikamweleza yote: Mutesa, Saanane, sokwe wa Rubondo. Alinisikiliza. Bibi ana tabia ya kusikiliza simu kimya hadi unadhani imekatika. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia, na sidhani kama alimsimulia baba.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Akiwa na umri wa miaka minane hivi, yule mtoto aling'atwa na mbwa mgeni aliyekuja na watu mwaloni. Kidonda kilikuwa kidogo, wakakiosha, kikapona. Wiki kadhaa baadaye akaanza homa, kisha akawa mkali, kisha akashindwa kunywa. Kila alipoletewa kikombe koo lilimkaza na akapiga kelele. "Mtoto wa ziwani," bibi akasema, "aliyejifunza kuogelea kabla ya kujua kuhesabu, akafa akiogopa maji." Walimfunga ili asiwadhuru wengine. Baba yao alikaa naye hadi mwisho.

"Wewe unasema twiga alipanda mtumbwi," akamalizia. "Mimi nakuuliza, huyo mbwa wako amechanjwa?"

Sikuwa na jibu. Baba alikuwa akiyashughulikia mambo hayo, na mimi sikuwahi kuuliza.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakiponi, isipokuwa kwa wachache wanaohesabika duniani kote. Watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na Tanzania peke yake ilikadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa inapoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Wengi ni watoto. Lakini katika takwimu hizo kuna jambo la kutia moyo ambalo lilipatikana hapahapa karibu nasi, vijijini Serengeti na Ngorongoro, ambako watafiti walifuatilia nani aling'atwa na mbwa yupi kwa miaka mingi. Waliona kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani kati ya mbwa mmoja na wawili tu. Ugonjwa huu unatisha, ila hauna kasi. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa, unakatika.

Serengeti ina kisa kingine kinachotuhusu sisi wa ukanda wa ziwa. Hifadhi ile inanyoosha mkono wake wa magharibi karibu kuligusa Ziwa Victoria. Lango la Ndabaka liko kwenye barabara ileile ya lami ya Mwanza kwenda Musoma. Mwaka 1991 mbwa mwitu wa mwisho walitoweka katika mbuga zile, na kichaa cha mbwa kilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa. Mapema mwaka 1994 simba walianza kuonekana wakitetemeka na kuanguka. Ulikuwa ugonjwa wa distempa, virusi vinavyofahamika zaidi kwa mbwa. Simba wapatao 1,000 walikufa, theluthi moja ya wote. Macho yote yakageukia vijiji vinavyozunguka hifadhi na mbwa wake wa kienyeji, ndugu zake Popi.

Uchunguzi wa baadaye uliweka mambo sawa zaidi. Ukame wa 1993 ulikuwa umeua nyati wengi, nyati dhaifu walijaa kupe, simba waliowala wakapata vimelea vya babesia kwa wingi, na miili iliyokwisha kuchoka ndiyo iliyoshindwa na distempa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbwa wa vijijini walikuwa chanzo hapo mwanzo, lakini baadaye virusi viliendelea kuzunguka hata mbwa walipochanjwa, maana yake wanyama wengine nao walikuwa wakivibeba. Kwa hiyo mbwa hakuwa muuaji peke yake. Hakuwa pia msafi.

Nilipofika hapo hoja yangu ya ushindi ilikuwa imepinda. Sheria inayomzuia mbwa asiingie Saanane au Rubondo haikutungwa kunidharau. Kisiwa ni mahali ambapo kitu kikishashushwa ni vigumu kukirudisha. Watu wa ziwa hili hawahitaji kufundishwa hilo. Sangara aliwekwa majini katika miaka ya 1950 na 1960 na watu waliojiona wanafanya jema, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya aina za furu, visamaki ambavyo havikupatikana popote pengine duniani, vilikuwa vimetoweka au vinaelekea kutoweka. Sangara ametujengea viwanda na nyumba. Ila furu waliokwisha hawatarudi.

Kisiwa kilichonifundisha zaidi, hata hivyo, hakiko katika ziwa letu. Ni Pemba. Mwaka 2010 kampeni ya kuchanja mbwa ilianza huko, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha kisiwani. Miaka miwili ikapita. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, na watafiti waliosoma vinasaba vya virusi wakaona kwamba haukuwa umejificha kisiwani: ulikuwa umeletwa kutoka nje. Kwa maneno mengine, kulikuwa na mbwa aliyevushwa. Sidhani aliyemvusha alikuwa na nia mbaya. Inawezekana kabisa alikuwa mtu kama mimi, mwenye begi, sukari na mbwa asiye na wa kumwachia. Wapemba wakaanza upya kuchanja, na mwaka 2018 wakaumaliza tena.

Nimeifikiria Pemba mara nyingi. Kisiwa kilekile kinatoa majibu mawili. Kwanza, kijana wa tiketi alikuwa na haki. Pili, suluhisho halikuwa kuua mbwa wote, jambo ambalo halmashauri nyingi za nchi yetu hulikimbilia kila mtu anapong'atwa, gari likipita na kipaza sauti kutangaza kwamba mbwa atakayeonekana akizurura atapigwa risasi. Suluhisho lilikuwa sindano, karatasi, na watu waliokubali kuwaleta mbwa wao kupanga foleni chini ya mwembe.

Kinachobaki cha hasira yangu ni hiki, na sikioni kama kidogo. Katika historia ya visiwa vyetu, wakubwa wamevusha walichotaka: mbwa wa kifalme, mbwa wa Uingereza, sokwe, tembo, sangara. Waliohamishwa kupisha wanyama hao walikuwa watu kama Mzee Saanane. Mtu wa kawaida ndiye anayeombwa cheti. Lakini dawa ya dhuluma hiyo si mimi nami kuvusha bila kuuliza. Wale wakubwa hawakumuuliza mtu wa kisiwani, na nikitazama vizuri, mimi nami sikuwa nimemuuliza bibi. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba nakuja na Popi.

Mwezi Januari nilimpeleka Popi kwa daktari wa mifugo. Alilia kidogo, mimi nikalia zaidi, daktari akacheka. Tukapewa kadi yenye tarehe na muhuri. Nikampigia bibi, safari hii nikauliza. Akanyamaza kwa muda mrefu kama kawaida yake, halafu akasema, "Mlete. Lakini usiku atafungwa."

Tulikwenda Pasaka. Hatukupita gati lile. Binamu yangu ana pikapu, tukazunguka kwa barabara: Magu, Lamadi, tukapita mbele ya lango la Ndabaka ambapo Popi alibweka bila sababu, tukafika Bunda, tukakata kushoto hadi Kisorya. Pale kivuko kinakuvusha hadi Rugezi muda si mrefu. Mkaguzi alikisoma kibali na kadi ya chanjo pande zote mbili, akamtazama Popi nyuma ya pikapu, akatupungia mkono tupite. Majini Popi alisimama miguu yote minne ikitetemeka, pua ikielekea ng'ambo. Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Alipouona ufuko alitulia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mchungwa. Nilimwamkia, akaitika, kisha akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kumpapasa Popi, nikamsogeza.

"Siyo yeye," akasema. "Karatasi."

Nikampa kadi. Bibi hasomi vizuri siku hizi, macho yamechoka, lakini aliishika karibu na uso, akaupitisha ubapa wa kidole juu ya muhuri polepole. Kisha akaikunja, akaitia kwenye fundo la khanga yake pamoja na hela zake, na huko ikakaa siku zote tulizokuwa pale. Jioni ya tatu nilimkuta amemfungua Popi mwenyewe. Walikuwa wameelekea ziwani, bibi mbele na mkongojo, mbwa wa mwanawe nyuma yake.